Chenga kwenye TV ya Wifi

Dini yangu inaniambia nisamehe, na kwa mambo mengi huwa najitahidi. Nimemsamehe aliyeniibia kuku wa Krismasi. Nimemsamehe mwalimu wa fizikia. Wifi yangu nimejaribu kumsamehe huku naosha vyombo, huku nafagia, hata kanisani nikiwa nimefumba macho kabisa, na kila nikikaribia kufika nakumbuka kile kiti, basi nafumbua macho na kuendelea na chuki yangu pale nilipoiachia. Kwa mtu aliyefeli mitihani, nina kumbukumbu nzuri sana.

Kwanza nijieleze. Mimi ni mtu wa ndani. Miaka ile ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, kila mwenye miguu pale Shinyanga mjini alikuwa anaondoka kwenda kwenye dhahabu. Wanaume walikwenda kuchimba, wanawake walikwenda kuwapikia waliochimba, na wasioweza kuchimba wala kupika walikwenda kuwauzia mitumba wote hao. Mimi nilikuwa na elimu ya kidato cha nne, nguvu za kutosha na kila sababu ya kwenda, nikabaki nyumbani kuangalia mboga isiungue. Nilijua njia ya sokoni, njia ya bombani na njia ya kanisani, na hii ya mwisho nilikuwa naisahau mvua ikinyesha.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, hakufanana nami hata kwa kivuli. Nyumba kwake ilikuwa mahali pa kubadilishia kanga. Alikuwa na mgahawa wa mabanzi kule Rwamgasa, akiwapikia wachimbaji, na ukimsikiliza ungedhani yale maduara yote, yale mashimo wanayozama kutafuta mawe yenye mali, yalichimbwa kwa mwiko wake. Ndiye aliyenibatiza jina la Kobe.

"Shikamoo wifi," nilikuwa namwamkia akitoka safari.

"Marahaba, Kobe. Leo umetoa kichwa?"

Utani wa mawifi unaruhusiwa. Wifi ana haki ya kukutania mpaka ulie, na ukilia anakutania kwa kulia. Na mimi nilikuwa na haki ya kumjibu; shida yangu ni kwamba majibu yalikuwa yananijia kesho yake, nikiwa peke yangu na mwiko. Majibu mazuri sana. Masufuria yangu yote yameyasikia.

Nilikuwa nimeolewa kutoka Runzewe, upande wa Wasumbwa, na Kisukuma changu kilimchekesha wifi kuliko redio. Niliingia Shinyanga juu ya lori la mbao nikiwa na sanduku la nguo, godoro, na kiti. Baba yangu alikuwa seremala. Nilipoposwa, alinikalisha kwenye gogo la karakana yake, akanipima kiwiko kwa kamba, akanipima goti, akanipima mgongo, halafu akanitengenezea kiti cha mninga chenye mikono miwili. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo mkono wa kulia ulitoka mnene kidogo kuliko wa kushoto. Aliupapasa, akagundua, akataka kuukwangua. Nikamkataza. Mwaka uliofuata alifariki, na sikuwa na kitu kingine kilichotoka mkononi mwake. Jioni nilikuwa nakaa kwenye kiti kile naona nimepimwa upya.

Basi wifi akajenga nyumba katika kiwanja kile kile cha ukoo, upande wa kusini wa kwetu, tukitenganishwa na ua wa minyaa. Alipomaliza kuezeka, yakabaki mabati. Akayaburuta mpaka kwangu.

"Kobe, nitunzie haya. Wewe huna pa kwenda, huyapotezi."

Nikamtunzia. Na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, akaniongezea kazi: nimtengenezee michembe ya kupeleka Rwamgasa. Wachimbaji wengi ni watoto wa Kisukuma, akasema, wakipewa michembe na karanga wanawakumbuka mama zao na kurudia sahani. Kwa hiyo kila kiangazi mimi ndiye niliyekuwa namenya viazi vitamu, navikata vipande, navianika juani. Juu ya nini? Juu ya mabati yake. Kumbuka hapo: michembe yake, mabati yake. Mimi mkono tu.

Kisha ikaja TV.

Nje ya mji, upande wa kaskazini, walikuwa wamesimamisha mnara wa kurushia matangazo ya mkoa, wenye taa nyekundu kileleni. Kabla ya hapo TV ilikuwa kitu cha kusimuliwa na waliofika Mwanza. Wifi akarudi kutoka Rwamgasa, akaingia dukani, akatoka na TV ya rangi, kubwa, iliyobebwa na mkokoteni ukifuatwa na watoto wa mtaa mzima kama msafara wa harusi.

Mwenye duka alimshauri asimamishe mlingoti mrefu wa antena. Wifi akakataa katakata.

"Mlingoti mrefu unaita radi," akasema. "Samuye si walikufa ng'ombe zizi zima juzi? Mnataka nife mimi na TV yangu?"

Shinyanga radi si mchezo, na hakuna aliyebishana naye. Antena ikafungwa kwenye kijiti kifupi, nje ya dirisha la sebule yake, kimo cha mtu mrefu aliyevaa kofia. Dirisha lile lilitazama kaskazini, na kaskazini ya dirisha lile ulikuwa ua wa minyaa, na nyuma ya ua ulikuwa uwanja wangu. Mawimbi ya mkoa mzima yalipita kwangu kabla ya kumfikia. Wakati ule hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa na maana, hata mimi.

Siku ya kwanza ya TV, wifi alikuja mwenyewe.

"Wifi, niazime kiti chako. Nina wageni. Kwa leo tu."

Alikuwa ameniita wifi badala ya Kobe, nikalegea. Mume wangu akakibeba begani, akakipitisha mlangoni kwa dada yake, na kile kiti kikaolewa mara ya pili bila mimi kupewa taarifa. Kesho yake hakikurudi. Keshokutwa wifi alikuwa amekikalia yeye mwenyewe, miguu juu ya stuli, katikati kabisa mbele ya TV. Nilipokwenda kutazama, nafasi yangu ilikuwa mkekani, mlangoni, pamoja na ndala za watu.

Na picha ilikuwa na tabia zake. Inatulia, halafu ghafla inamwagika chenga, vidoadoa vyeupe kama chenga za mchele, na watu wote mle ndani wanaguna kwa pamoja. Mtu mwingine angelaumu kijiti kifupi. Wifi aligeuza shingo akanitazama mimi pale mlangoni.

"Kobe! Sogea huko, unaziba mawimbi!"

Watu wakacheka. Nikasogea. Kwa bahati mbaya picha ikarudi.

"Mmeona?" akasema wifi. "Nyonga yote ile! Mawimbi yatapita wapi?"

Kuanzia siku ile ikawa wimbo. Chenga zikiingia, mtaa mzima unaitikia: "Kobe, sogea!" Niliwahi kuambiwa sogea siku ambayo sikuwepo. Nilikuwa nyumbani kwangu nachambua mchele, nikasikia kabisa kutoka ng'ambo ya ua: "Kobe, sogea!" na vicheko. Mume wangu alirudi amefurahi, akanieleza kilichotokea kana kwamba ni habari njema.

Nikamwambia, "Nataka kiti changu."

"Ah, mke wangu. Ni kiti tu. Muache dada afurahi, anarudi Rwamgasa karibuni."

Nikamwendea mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa, sentensi nimezipanga kama mtu anayekwenda mahakamani. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuchukua kiti. Wifi akaninyanyulia macho kutoka ndani ya kiti chenyewe.

"Kobe, wewe nyumba unatembea nayo mgongoni. Kiti cha nini tena?"

Wenzake wakafa kwa kicheko. Jibu langu lilinijia Alhamisi.

Hata hapo bado ningeweza kusamehe. Nasema ningeweza, sina ushahidi. Kilichomaliza mambo ni jioni moja wifi alipopata mgeni, mnunuzi wa dhahabu, bwana mwenye meno ya kung'aa na harufu ya manukato iliyofika mpaka kwenye ndala. Kwa heshima, wifi akamkalisha kwenye kiti changu. Akaletewa soda. Kifungulio hakikuonekana. Yule bwana akaiegemeza shingo ya chupa kwenye ukingo wa mkono wa kulia, ule mnene, akaupiga kwa kiganja. Kizibo kikaruka, na kipande cha mninga kikaruka nacho.

Nilisikia ule mlio mwilini.

"Aisee, mti huu mgumu," akasema yule bwana, akanywa.

"Fungua na nyingine," wifi akamwambia, "kiti hicho hakina mwenyewe."

Alikuwa ananitazama akisema hivyo, na alikuwa anatabasamu. Nikaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilitembea kwa haraka.

Sasa sikiliza jinsi mambo yanavyojipanga. Kesho yake jioni nilikuwa nimekusanya michembe kwenye kapu, nikataka kufagia uwanja. Mabati yalikuwa yamelala chini, na mbuzi wa jirani walikuwa na mtindo wa kuyakanyaga na kuyapinda. Nikanyanyua bati moja refu, nikaliegemeza wima kwenye ua wa minyaa. Nikanyanyua la pili nikaliweka pembeni yake. Na pale pale, kutoka ndani kwa wifi, nikasikia watu wanaguna.

"Aaaaah!"

Nikasimama na ufagio mkononi. Nikasikia sauti ya wifi: "Kobe yuko wapi? Mlangoni hayupo?" Mtu akamjibu kwamba hayupo. Nikalishika bati la pili nikalilaza chini, taratibu, kama unavyomlaza mtoto.

"Eeeeeh!" wakashangilia.

Nikalisimamisha.

"Aaaaah!"

Nikalilaza.

"Eeeeeh!"

Sijawahi kuimba kwaya. Sauti yangu mwalimu alisema inafaa kufukuzia ndege shambani. Lakini jioni ile niliongoza kwaya ya mtaa mzima kwa bati, wakipanda na kushuka ninavyotaka, na sikuchoka mpaka mikono ilipotetemeka. Fizikia nilipata alama ambayo mwalimu aliiita ya huruma, lakini neno moja lilikuwa limebaki: kwamba kuna mawimbi yanayokwenda kwa kunyooka, na chuma kikisimama njiani yanapata tabu. Nilimkumbuka yule mwalimu kwa upendo. Ndiyo siku niliyomsamehe.

Nikajiwekea nadhiri. Picha haitatulia katika nyumba ile mpaka kiti changu kirudi, tena kirudi kwa mikono ya yule yule aliyesema hakina mwenyewe.

Kazi ikaanza. Nilichimbia nguzo mbili kando ya ua, nikapata kamba za katani. Mchana mabati yalikuwa yanalala chini na michembe juu yake, kazi halali ya mwanamke mwenye adabu. Ikifika jioni, nakusanya michembe, nasimamisha mabati wima na kuyafunga kwenye nguzo, ili mbuzi wasiyakanyage. Nani angenilaumu? Wifi mwenyewe alikuwa akipita anasimama kukagua.

"Kobe, michembe inaendelea?"

"Inaendelea, wifi. Nayatunza na mabati yako yasipinde."

"Hapo umenena. Wewe kwa mambo ya nyumbani, nakuvulia kilemba."

Niliona hata haya kidogo. Ikapita.

Sikuwa mjinga wa kumkatia picha moja kwa moja. Taarifa ya habari nilimwachia, kwani haimuumizi mtu. Bati moja lilitosha kuwafanya watu wa kwenye TV wawe na vivuli viwili viwili. Mechi nilikuwa nawaachia mpaka mpira ukaribie goli. Nikisikia wanaume wanaanza kunyanyuka kwenye viti, namalizia bati la pili. Tamthilia ndiyo niliifanyia kazi ya kitaalamu. Ilikuwa ya wanawake wa nchi za mbali wenye nywele ndefu, waliokuwa wakisalitiwa kila wiki ndani ya nyumba nzuri, na wifi alikuwa ameiacha Rwamgasa kwa wasaidizi wake kwa ajili yao. Nilikuwa nasikiliza muziki. Muziki ukianza kupanda, najua kuna siri inataka kutoka. Nanyanyua.

Wifi alikonda. Alipiga TV makofi, ubavuni na juu. Alifunga mifuniko miwili ya sufuria kwenye antena. Aligeuza kijiti kila upande. Aliwaamrisha watu wakae kushoto, halafu kulia, halafu wavue saa za mkononi. Na mimi sikuwa mlangoni tena, kwa hiyo hakuwa na wa kumwambia sogea. Nilimsikia siku moja akisema kwa huzuni kabisa: "Angalau Kobe angekuwepo tungejua tatizo."

Mwenye duka aliyemuuzia ile TV alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu, mzaliwa wa Shinyanga kama baba yake, na Kisukuma chake kilinitia aibu mimi niliyeolewa huko. Wifi akamwita. Mzee akaja alasiri, matangazo yalipokuwa yanaanza, bisibisi mfukoni mwa shati. Alasiri michembe ilikuwa bado inaota jua na mabati yamelala. Picha ikatoka kama kioo.

"Mayu, TV yako nzima," mzee akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ngoja jioni uone!"

"Jioni mimi niko msikitini."

Akaondoka. Jioni zikamwagika chenga. Akaitwa tena, akaja tena alasiri, picha kioo. Mtaa ukaanza kumtazama wifi kwa jicho la pembeni. Mume wangu aliniambia kwa kunong'ona kwamba huenda dada amechoka na moshi wa jiko, anaona chenga za macho.

"Mpe pole," nikasema.

Mwishowe mzee akakubali kuja jioni. Mabati yalikuwa wima. Akatazama zile chenga, akatikisa kichwa, akatoka nje na antena mkononi, waya mrefu ukimfuata, akitafuta picha ilipo huku watu wanampigia kelele kutoka ndani: "Bado! Bado! Bado!" Akazunguka ua wa minyaa. Akaingia kwangu. Akapita mabati. Alipofika katikati ya uwanja wangu, karibu na jiko, nyumba ya wifi ikalipuka kwa shangwe.

"Hapo hapo, mzee! Usisogee!"

Mzee hakusogea. Akatazama mnara ule na taa yake nyekundu. Akageuka akatazama mabati. Akanitazama mimi. Nilikuwa na sahani ya michembe iliyochemshwa na kupondwa na karanga, nikamsogezea.

"Karibu, mzee," nikasema.

Akapokea kwa mkono uliobaki. Akala, akatafuna polepole, antena juu kama mtu anayeapa.

"Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma. Kisha akapaza sauti kuelekea kwa wifi: "Mayu! Hewa ya upande huu ni nzuri sana. TV hii ingekaa huku."

Kama alijua au hakujua, sijui mpaka leo. Siku nilizokwenda dukani kwake baada ya hapo aliniuliza hali ya michembe tu.

Wifi alisikia, na akakataa. TV yake ikae kwa Kobe? Heri atazame chenga. Na akatazama chenga, kwa ukaidi, ndani ya kiti changu. Nilimheshimu kwa hilo. Sikupunguza bati.

Mpaka ikafika Jumapili ya mwisho wa ile tamthilia. Mwezi mzima wifi alikuwa ametangaza Rwamgasa kwamba wenzake waje Shinyanga waone jinsi watu wanavyoishi. Wakaja kweli, wanawake wenye migahawa kama yeye, wameshuka na lori, wamesuka, wamepaka, na yule bwana wa meno ya kung'aa yumo. Wakala wali. Wakasifu nyumba. Wakakaa. Mimi nyuma ya ua nikakaza kamba za katani mara mbili.

Muziki wa tamthilia ukaanza, na hapo hapo zikaanza chenga. Wageni mwanzo walivumilia kwa adabu. Halafu nikamsikia mwanamke mmoja:

"Shoga, hii ndiyo TV yenyewe? Mbona kama mvua?"

Na yule bwana: "Hii mama, hata kule Rwamgasa tungeiona. Tungewasha redio tukafumba macho."

Wakacheka. Nilikijua kicheko kile. Nilikuwa nimekalia mkeka chini yake. Kwa mara ya kwanza kilikuwa kinamwangukia yeye, na niliona ni kicheko kizuri mno.

Dakika chache, wifi akatokea kwenye pengo la ua, kilemba kimekwenda upande, mume wangu nyuma yake.

"Kobe!"

"Abee, wifi."

"Umeme kwako upo?"

"Upo."

"Ile picha aliyoipata mzee huku. Ilikuwa safi kweli?"

"Nilisikia mkishangilia, wifi."

Akarekebisha kilemba. "Basi tunahamishia TV kwako. Kwa leo tu."

Kwa leo tu! Maneno yale yale, mdomo ule ule. Na safari hii jibu halikusubiri Alhamisi. Lilikuja likiwa limeiva.

"Karibuni sana," nikasema. "Ila nitaona aibu, wifi. Wageni wako wameoga, wamependeza. Kwangu kuna mkeka tu. Kiti changu ni kimoja, na unajua kilipo."

Akanitazama. Nami nikamtazama. Kule ndani muziki ulikuwa unapanda.

"Mke wangu," mume wangu akasema, "tuwahi TV kwanza, inaisha."

"Kiti kwanza."

"Haya, ngoja nikakibebe."

"Wewe beba TV," nikamwambia. "Kiti alikuja kukiazima mwenyewe. Atakirudisha mwenyewe."

Nilidhani angekataa. Kama angekataa sijui ningefanya nini. Labda ningekuwa na mabati yamesimama mpaka leo. Lakini muziki ulipanda tena, mwanamke mmoja mle ndani akapiga kelele kwamba mbona wanalia, nani kafa, hawaoni, na wifi yangu akageuka. Aliporudi alikuwa amejitwika kiti kichwani, miguu juu, mikono miwili ameshika ile mikono ya mninga, na wenzake wa Rwamgasa wanamfuata, na mtaa mzima umetoka kutazama. Akakitua mbele yangu. Alikuwa anahema.

"Kiti chako hicho."

"Kumbe kina mwenyewe," nikasema.

TV ikawekwa juu ya meza yangu ya kulia, antena nje karibu na jiko, ng'ambo ya mabati. Picha ikatoka nzuri hivi kwamba tuliona mpaka machozi yanavyoning'inia kwenye kope. Watu wakajaa mkekani, kwenye ndoo, dirishani. Nikakaa kwenye kiti changu. Sikumpisha mtu. Mgeni wa meno ya kung'aa alipoletewa soda, nilimkabidhi kifungulio mwenyewe mkononi, nikamtazama mpaka akamaliza kukitumia, kisha nikakichukua.

Ile "kwa leo tu" ya pili ilidumu kuliko ya kwanza. TV ilikaa kwangu miezi na miezi, na mimi mtu wa ndani nikapata adhabu yangu: ndani kwenyewe kukawa sokoni, nikaramba vumbi la miguu ya mtaa mzima, na kuna jioni nilitamani kutoka nje kupumzika. Lakini nilikuwa nimekaa. Kiti kiko nami hata sasa. Mafundi wengi wamejitolea kuujaza ule mkono kwa gundi na unga wa mbao. Nakataa. Kidole gumba kinapenda kupita pale palipong'oka, kinanikumbusha nisije nikalainika uzeeni. Wifi hasomi vitabu, anasema vinamuumiza macho. Binti yake anasoma kila kitu. Nimelifikiria hilo sana wakati nikiandika, na nimeandika taratibu ili nisiruke chochote.

Jioni ile ya kwanza wifi aliingia wa mwisho. Alikuwa amekwenda kufunga milango ya kwake. Alikuta mkeka umejaa, nafasi imebaki mlangoni tu, kwenye ndala. Akakaa. Yule mwanamke wa nywele ndefu ndiyo kwanza anafungua mlango kumkuta mumewe, na ghafla, naapa sikugusa kitu, picha ikatetemeka.

Watu wote wakageuka kunitazama mimi. Mimi nikageuza shingo, polepole, mpaka mlangoni.

"Wifi," nikasema, "sogea kidogo. Unaziba mawimbi."

Akatazama kulia na kushoto. Wenzake wa Rwamgasa walikuwa wameshaanza kucheka. Akasogea. Picha ikarudi.

"Hapa?" akauliza, sauti ndogo.

"Hapo hapo, wifi. Usisogee tena."